Misumari Arobaini na Moja ya Asahel

Mwalimu amekuja mara tatu. Mara ya kwanza nilimwambia nafuma soksi. Mara ya pili nikamwambia nimelala, na alinisikia kwa masikio yake nikisema hivyo. Mara ya tatu akaacha karatasi na wino mezani, akaenda zake. Anasema imetimia miaka hamsini tangu jimbo letu liikubali katiba ya muungano wa majimbo, na siku ya sherehe yatasomwa maneno kuhusu mjumbe wa mji wetu wa Hadwen. Miaka hamsini! Mume wangu Asahel, mjumbe huyo, yuko kaburini mwaka wa arobaini na mbili huu, na hakuna aliyegonga mlango kuuliza. Sasa mkono unatetemeka na macho yamechoka, ndipo mnataka habari. Nitaandika mara moja tu. Atakayeshindwa na mwandiko wangu, shauri yake.

Mume wangu alikuwa fundi viatu. Hakuwa wakili wala msomi, msije mkampaka rangi. Kila mtu mzima wa upande huu wa mto alikuwa na kalibu yake kwetu, yaani mguu wa mti, uliochongwa na Asahel, ambao ngozi huvalishwa juu yake ndipo kiatu kishonwe. Viatu vya siku zile havikuwa na kulia wala kushoto, kwa hiyo mtu mmoja kalibu moja. Zilitundikwa ukutani, kila moja na msumari wake, arobaini na moja. Ukiingia kwetu uliuona mji mzima umeninginia kwa visigino.

Majira ya baridi alizitia guniani akazunguka nyumba kwa nyumba. Anakaa jikoni kwa watu siku tatu nne, anakula maharage yao na nyama yao ya chumvi, anawashonea viatu wote waliomo kwa ngozi ya ng'ombe wao wenyewe. Alisikia kila ugomvi wa Hadwen na hakuhamisha hata mmoja kutoka jiko hili kwenda jiko lile. Ndiyo maana walimwamini. Kuhusu mimi walisema nina mdomo. Ninao.

Wakati wa vita vya uhuru dhidi ya Mfalme walimpeleka kambini, kule Pennsylvania, wakamwambia ashone. Akauliza ngozi iko wapi. Ngozi hakuna. Maana serikali tuliyokuwa nayo, ile ya mapatano ya majimbo kumi na matatu, ilikuwa Kongresi, baraza lisilo na mkono wa kuchukua, lina mkono wa kuomba tu. Ikaandika barua: tafadhalini, viatu. Jimbo moja likaleta vichache. La pili likasema linangoja kuona la tatu litatoa ngapi. La tatu halikujibu. Asahel akawafunga vijana miguu kwa vipande vya blanketi. Kuna mmoja, siku ya kufungua, vidole vilitoka pamoja na kitambaa. Hilo aliniambia mara moja, akiwa amenipa mgongo.

Vita vikaisha, tukabaki na uchovu, na uchovu nao ukatozwa kodi. Jimbo lilitaka sarafu za fedha na dhahabu, na sarafu zote zilikuwa Boston. Wakulima wa milimani wakashika bunduki, wakazifunga mahakama zisiwanyang'anye mashamba. Mdogo wangu Ithamar alikuwa nao. Jeshi la jimbo likawapiga mizinga kwenye theluji, naye akakimbilia Vermont akichechemea. Kwa hiyo majira ya baridi yaliyofuata, ilipotufikia ile katiba kutoka Philadelphia, karatasi ya kutaka serikali yenye nguvu zaidi, Hadwen yote ilisema hapana. Nami nilisema hapana kuliko wote. Nguvu ya nini tena? Ile ya mizinga haikutosha?

Kila mji ulipaswa kutuma mjumbe Boston. Wakamchagua Asahel, kwa kuwa hana adui, wakamwandikia maagizo: akapige kura ya hapana. Asubuhi ya safari nilikuwa namfungia mkate.

"Unakwenda Boston kusema hapana," nikamwambia.

"Nakwenda kusikiliza, halafu niseme hapana."

"Kusikiliza hakumo kwenye maagizo."

"Hakumo. Lakini masikio yamo kichwani, mke wangu, siwezi kuyaacha nyumbani."

"Yaache. Hapa yatapata joto."

Akacheka. Akaondoka, siku tano kwa miguu, theluji ya Januari ikimfika magotini.

Alirudi katikati ya Februari, amekonda, ndevu zimeota. Hakupita hata nyumbani. Mji ulikuwa umekusanyika katika nyumba ya ibada kumngoja. Sisi wanawake hatukuwa na kura, ila mlango ulikuwa wazi.

Shemasi Thrall ndiye aliyekuwa mwenyekiti, mtu mnene, mwenye sauti ya kuitia mifugo. Akasema, "Haya, fundi. Tuambie ulivyowaambia hapana."

"Niliwaambia ndiyo, Shemasi."

Mtu akaangua kicheko huko nyuma. "Jamani, mpeni kitu cha moto, baridi imempanda kichwani!"

"Sijalewa baridi. Nilisema ndiyo. Tumeshinda kwa tofauti ya kura kumi na tisa."

"Mmeshinda, wewe na nani?" Shemasi akapiga meza. "Tulikupa maagizo!"

Asahel akayatoa kifuani, yamekunjika na kulowa. "Haya hapa. Nimeyabeba siku tano kwenda, siku tano kurudi. Yameandikwa na watu wenye viatu."

Akaendelea polepole, kama mtu anayetafuta pa kupitisha sindano.

"Ngozi ilikuwa hapa kwetu, Shemasi, kwenye mapipa yako ya kuloweka. Miguu ilikuwa Pennsylvania. Hapakuwa na mtu kati ya hapa na pale mwenye haki ya kusema, lete. Nimekaa Boston wiki nne, kila aliyesimama nikamngoja anieleze miguu ile ingepata viatu kwa njia gani nyingine. Hakuna aliyenieleza."

"Na haki zetu? Karatasi ile haina hata neno moja juu ya mtu wa kawaida!"

"Hata mimi hilo lilinikaba. Ndiyo maana tumepeleka kura pamoja na orodha ya mambo tunayotaka yaongezwe. Wameahidi."

"Wameahidi!" Nyumba nzima ikacheka. "Na shemeji yako Ithamar, ukimwona utamwambia wameahidi?"

"Ithamar alipigwa na jimbo. Kongresi siku hiyo haikuwa hata na baruti ya kuulia sungura. Na wakinidanganya, mimi sihami. Njooni mniite mwongo mlangoni kwangu."

Walikuja kweli, ila si kwa maneno. Kesho yake alfajiri Shemasi Thrall alisimama mlangoni, kofia kichwani. "Nimekuja kuchukua mguu wangu," akasema.

Asahel akautungua, akaupangusa vumbi kwa kiwiko, akampa. "Kidole gumba cha kushoto, mwambie fundi wako mpya akiachie nafasi. Kinavimba ukila chumvi."

Shemasi akautia kwapani, akaenda. Nyuma yake wakaja wengine, wawili wawili, kama watu wa mazishi. Hata mjane tuliyempa kuni mwaka mzima alikuja. Kufikia Ijumaa ukuta ulikuwa misumari mitupu, umebaki mguu mmoja, wangu.

Nitaandika na hili, maana mwalimu anasema ameombwa ukweli. Nilipanda kwenye kigoda nikautungua wangu. Nikauweka chini ya shuka sandukuni, nikafunga kwa ufunguo. Asahel alikuwa ameketi pale pale kwenye benchi lake, ananitazama. Alisema, "Ukimaliza, usukume mlango. Baridi inaingia."

Basi mji mzima ukavaa viatu vya fundi wa ng'ambo ya mto, mlevi, asiyejua mguu wa mtu. Shemasi alichechemea hadi kiangazi. Nilimwona akichechemea nikafurahi, nami mwenyewe viatu vilinikata visigino. Asahel alilima viazi, akashona hatamu za farasi kwa watu wa mbali. Hakulalamika. Ningependa angelalamika.

Kiangazi kile waasi walikuwa wameshasamehewa, na Ithamar akarudi. Mimi nilikuwa nimejiandaa, nikajua huyu sasa atamvunja shingo. Ithamar aliingia, akatazama ukuta, akatazama benchi, akaketi, akavua kiatu kilichofungwa kamba.

"Nipime, shemeji."

"Unajua nilichofanya Boston?" Asahel akamuuliza.

"Nimesikia tangu Vermont. Wewe ni mpumbavu. Lakini nimechoka kukasirika, na miguu inauma. Nipime."

Akapimwa. Msumari mmoja ukapata mguu. Mimi nikakoroga uji wa mahindi, na ufunguo ulikuwa shingoni mwangu.

Miaka minne. Miaka minne nililala kitanda kimoja na mtu yule na ufunguo shingoni. Majira ya baridi ya mwaka wa tisini na mbili habari zikafika kwamba yale mambo ya haki zetu ya kuongezwa kwenye katiba yameongezwa, kumi, majimbo mengine yameyapitisha, ingawa letu lenyewe hata halikumaliza kujibu. Siku ile nilifungua sanduku. Nikaweka kalibu yangu mbele yake, kwenye benchi. Mimi siombi radhi, sikufundishwa.

Akaigeuza mkononi. Akauangalia mguu wangu.

"Haikutoshi tena," akasema. "Umepanuka."

"Basi itupe, uchonge nyingine."

"Ya nini kuitupa? Mti ni mzuri." Akachukua vipande vya ngozi, akavigongomelea hapa kwenye kifundo, pale ubavuni, akapima, akaongeza kimoja. Kisha akanishonea viatu. Ndivyo viatu nilivyovaa siku ya kumzika, miaka minne baadaye, alipokufa kwa homa ya mapafu. Siku zile za mwisho alilala akiutazama ukuta, kalibu mbili na misumari thelathini na tisa, na midomo yake ilikuwa ikitaja majina kwa mpangilio, Thrall wa kwanza. Hakuna aliyekuwa amerudisha.

Basi, ninyi mtakaosomewa haya, msinipigie makofi, na shada la maua kaeni nalo. Mti mgumu hauozi, na watu wa Hadwen hawatupi kitu. Pandeni darini kwenu. Nyuma ya gurudumu la kusokotea nyuzi, chini ya matandiko ya farasi, kuna mguu wa mti wenye herufi za babu yako kisiginoni, zilizochongwa na mume wangu. Uulete. Misumari iko pale pale na mlango wangu haufungwi. Nawe mjukuu wa Thrall, wewe uje wa kwanza, kofia mkononi.