Mshahara wa Marehemu Bethuel

Milcah wa Tumba, kitongoji cha Stockholm nchini Uswidi, hukodisha masufuria makubwa, viti na mahema kwa sherehe za Waafrika Mashariki wa jiji hilo. Alianza na masufuria mawili na kitoroli cha kusukuma. Kwake bei ya kwanza ni salamu tu. Mazungumzo huja baadaye.

Mumewe Bethuel, fundi wa mabasi, alifariki mwezi wa pili akazikwa kwao Nyamira, Kenya. Huko ndiko Milcah alikofanya kosa. Shemeji yake Obedi alimuuliza marehemu ameacha nini, naye, kwa kukumbuka karatasi ya mwaka jana, akajibu: akiba ya uzeeni, krona laki tatu na sitini elfu. Udongo wa kaburi haujakauka, Obedi alishasimama mbele ya ukoo akagawa: fungu la mama, fungu lake, fungu la mjane.

Aliporudi Tumba akakuta barua ya kampuni ya bima. Fedha zingekuja elfu sita kwa mwezi, kwa miaka mitano, tena zikikatwa kodi. Kutuma mafungu yale kwa mkupuo kungemlazimu kukopa. Asipotuma, angeitwa mke aliyekula mali ya marehemu, na boma la mumewe asingelikanyaga tena.

Lakini lililomkosesha utulivu zaidi ni ile kodi. Si wanasema Uswidi haina kodi ya urithi? Sasa hii ya nini? Akaipigia simu kampuni. Akapokea kijana aitwaye Filip.

"Huu ni mshahara uliocheleweshwa," Filip akamweleza. "Bethuel hakuwahi kuulipia kodi. Sasa unalipwa wewe, basi unajumlishwa na kipato chako na kukatwa hivyo."

"Nipunguzie basi."

Filip akacheka. "Kodi hatuuzi sisi."

"Na mama mkwe wangu naye? Shemeji?"

"Hawaruhusiwi kuandikwa kama wapokeaji. Ni mke kwanza, kisha watoto."

Milcah akakaa wima. "Mtoto ninaye. Mwanafunzi, hana kazi. Naweza kumwachia nusu?"

"Unaweza. Ila uandike kabla ya malipo ya kwanza."

Akachukua kalamu. Elfu tatu zake zingebaki kama elfu mbili na mia moja. Elfu tatu za binti yake Whitney, asiye na kipato kingine, zingepita karibu zote. Mtu yuleyule aliyekufa, fedha zilezile, ila jina la anayepokea ndilo linaloamua makato! Akampigia binti yake, aliyepanga chumba Sundbyberg. Whitney akajibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba elfu tatu hizo zingelipa karibu pango lote la chumba chake.

Kisha akampigia Obedi, akiwa ameshamtumia picha ya barua.

"Shemeji, umeona?"

"Nimeona Kiswidi. Wewe ndiye mkalimani, na wewe ndiye mlipwaji. Raha iliyoje!"

"Tafuta mkalimani wako, nitamlipa mimi. Mama nitampa krona elfu moja kila mwezi, kwenye simu yake mwenyewe, miaka mitano. Anijulishe kwa sauti yake kwamba imefika."

"Na fungu langu?"

"Nionyeshe lilipoandikwa."

"Nilishatangaza, Milcah! Ukoo mzima ulisikia."

"Una mke na watoto, Obedi. Siku yako ikifika, ungependa mimi nije kugawa?"

Obedi akaguna, karibu kucheka. "Una ulimi wewe. Sasa nitawaambiaje watu?"

"Kama ulivyowaambia mwanzo. Kwa sauti ileile."

Wiki mbili zikapita bila neno. Milcah alijaza fomu, akaipeleka posta, akakodisha mahema mawili. Jumapili jioni, simu ikatetemeka kwenye mfuko wa koti. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa mama mkwe.

"Mke wa Bethuel, Obedi ametuita, amesema yote. Lakini mimi sijaelewa. Hao Wazungu wanakata kodi hata mtu akishazikwa? Njoo Desemba unieleze vizuri. Chumba chenu nimeshafagia."