Mume Wangu Amegeuza Picha Yangu ya Angani Kuwa Ramani ya Dhahabu

Admin, ficha jina langu na la shule ninayofundisha, mengine yaache kama yalivyo. Mimi ni mwanamke wa miaka 36, mwalimu wa fizikia sekondari, mzaliwa wa Kolandoto, nimeolewa huku upande wa Runzewe mwaka wa kumi sasa. Nina mtoto mmoja, Neema. Mume wangu ana maneno mengi na kazi chache, na leo nasema wazi kwamba simpendi. Labda kesho nitampenda, ila leo hapana.

Kuna kitu kimoja tu ninachokifanya kwa ajili yangu mwenyewe. Napiga picha za anga. Si mwezi, mwezi kila mtu anaupiga kwa simu. Mimi natafuta galaksi hafifu na yale mawingu ya vumbi yaliyo kati ya nyota, vitu ambavyo jicho halivioni kabisa. Nina kamera ya mtumba, lenzi moja ndefu, na kimashine kinachoizungusha kamera polepole ili ifuate nyota. Picha moja inanichukua wiki nzima, maana napiga mamia halafu nazipandanisha kwenye kompyuta mpaka vumbi lianze kuonekana. Nikimaliza nafunika lenzi na kupiga nyingine za giza tupu, hizo zinasaidia kusafisha madoa yanayotoka kwenye kamera yenyewe. Mama mkwe anasema nafuga majini. Nimemzoea.

Kiangazi kilichopita nilipata picha ya vumbi la upande wa kundi la nyota la Nge. Mistari ya kahawia imejikunja, na pembeni pana njano iliyoiva. Nililia nilipoiona. Nikamwonyesha mume wangu. Hilo ndilo kosa langu.

Wiki mbili baadaye nilienda steshenari kuchapisha mitihani. Binti wa pale akanipokea kwa kicheko, "Hongera mwalimu! Picha ya duara imetoka safi, nimemlaminishia Baba Neema nakala nne."

"Duara gani?"

"Si lile la shambani kwa mama mkwe wako!"

Kwa msiojua, duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Huku watafiti wa madini walishapita na vipimo vyao, wakaacha watu wakiamini kwamba karatasi yoyote yenye rangi rangi ni ramani ya dhahabu. Basi mume wangu amewaambia wachimbaji kwamba mashine ya mke wake inapiga mpaka chini ya ardhi. Ile njano ndiyo dhahabu, ile kahawia ndiyo mwamba unavyopita. Wanaume wazima wakaigeuza karatasi, wakailinganisha na kisima na njia ya ng'ombe, wakaanza kuchimba!

Ningecheka kama mdogo wangu Masanja asingekuwa humo shimoni. Nimemlea mimi baada ya mama kufariki. Alikuwa fundi pikipiki Kolandoto, mke wake ni mjamzito. Ameacha vyote kwa sababu ya jina langu.

Nikawafuata. Nikasimamishwa mbali, eti mganga wao amekataza mwanamke kusogelea mdomo wa duara, dhahabu itakimbia. Picha ya mwanamke inafaa, mwanamke mwenyewe nuksi! Masanja akapanda juu, tope mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia lile ni vumbi la angani, liko mbali kuliko anavyoweza kuwaza, halihusiani na shamba la mtu.

Akainamisha kichwa. "Shemeji alisema utakataa. Alisema umepata matajiri wa Geita, unataka kuwauzia wao."

"Masanja, mimi nimewahi kukudanganya?"

"Hapana dada. Ndiyo maana nimeiamini picha yako."

Nyumbani nilimwambia mume wangu akaseme ukweli. Akanijibu huku anakula, "Mama Neema, nikisema leo si ramani wataniua. Waache, watachoka wenyewe." Sahani nilimnyang'anya, na sijutii.

Wa kuniambia niende serikalini, nimeshaenda. Mtendaji alinisikiliza vizuri sana, akaiangalia picha, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na kwenye kiwanja changu je?"

Udongo wa pale ni wa mbuga, ukilowa unaporomoka, na matimba waliyofunga kuzuia kuta ni ya kubahatisha. Mvua zimeanza. Juzi ukuta umemega, mmoja ametolewa mguu umevunjika. Masanja amerudi shimoni siku hiyohiyo.

Jana kiongozi wao amekuja nyumbani. Mzee wa kunizaa, ananiamkia mimi, "Shikamoo mwalimu." Nilisikia aibu. Anaomba nipige picha mpya waone wamebakiza kina gani. Nikamjaribu, "Na ikionyesha hakuna kitu?"

Akajibu bila kuwaza, "Tunahama siku hiyohiyo. Wewe utatuonyesha pengine."

Ndugu zangu, nimeichapisha picha moja ya giza, zile ninazopiga lenzi ikiwa imefunikwa. Nyeusi yote, haina hata nukta. Iko kwenye begi langu la shule. Nikimpa yule mzee na kumwambia duara lenu ndilo hili, Masanja atatoka siku hiyohiyo akiwa hai. Halafu watakaa barazani kwangu wakisubiri niwaonyeshe pa kuchimba, na kila atakayefukiwa kuanzia hapo nitakuwa nimemfukia mimi, si mume wangu. Ukweli nimewapa bure, wameukataa. Uongo wanaupigia shikamoo.

Nimpe au nisimpe? Wenye kunitukana tukaneni, lakini mjibu kwanza, na mjibu upesi. Naandika haya mvua ikipiga bati, na zamu ya leo mchana shimoni ni ya Masanja.