Nilimwambia Bibi Asubiri Ukumbini

Kuna watu mjini Maswa ambao hadi leo wakiniona sokoni hunyoosha viganja viwili, wakajipaka hewa mashavuni, kisha wakacheka mpaka wakashika mbavu, nami sina pa kwenda kushtaki kwa sababu aibu ile niliitengeneza mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu na digrii ya sosholojia kabatini.

Nianze na hiyo digrii maana ndiyo iliyoniponza. Nilirudi Bariadi kutoka chuo nikatuma barua za kazi ambazo hazikujibiwa, hadi nikachoka kupalilia pamba ya baba huku nikimweleza nadharia za mabadiliko ya jamii (alinisikiliza kwa upole, kisha akanionyesha mstari niliouruka). Nikaamua kujifunza upambaji wa maharusi. Baba aliuliza swali moja tu: "Kabula, miaka mitatu ya chuo kikuu, halafu ukapake watu unga?" Nikamjibu kwamba ni sayansi, kuna ngozi, kuna mwanga, kuna kemia. Akasema, "Haya."

Mwalimu wangu, Madam Joyce, ni mwanamke asiye na haraka, na nadhani nilimchosha wiki ya kwanza tu. Kwa nini praima kabla ya fondesheni? Nani aliamua nyusi mbili lazima zifanane? Maswali mengine alinijibu, mengine aliyajibu kwa kunipa brashi za kuosha. Baada ya miezi sita akaniambia, "Jumamosi kuna binti anaagwa kwa sendofu Binza, kule Maswa. Utampamba bibi harusi peke yako, mimi nitakaa ukumbini kama mgeni. Uso ukifika kwenye keki ukiwa mzima, Jumatatu kiti cha pili saluni ni chako." Kiti kile nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote chuoni.

Bibi harusi aliitwa Minza, binti mpole ambaye ukimwambia fumba macho anafumba mpaka umwambie afumbue. Nilimpamba saa mbili nzima na uso ulinikubali. Nilikuwa nimemaliza kubandika kope za bandia mlango ulipofunguliwa, akaingia bibi yake mzaa baba, aliyetoka kijijini Kimali tangu jana yake, mkononi ana kibuyu kidogo cha samli.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia kwa Kisukuma (adabu ya mdomoni tu).

"Mwadila, ng'wanone," akaitikia, akiniita mwanawe. "Hebu nipishe nimpake mjukuu wangu. Binti wa kwetu haondoki kwao na uso mkavu."

Samli! Juu ya kazi ya saa mbili! Sasa mjue kwamba mimi niliandika utafiti wangu wa mwisho chuoni kuhusu mila za wafugaji, kurasa na kurasa za kuthibitisha kwamba mila ni njia ya wazee kuwashikilia vijana, na leo mzee mwenyewe amesimama mbele yangu na kibuyu. Badala ya kufikiri nikatabasamu nikasema, "Bibi, kwa nini umpake chumbani ambako hakuna anayeona? Mpake baadaye ukumbini, mbele ya watu wote, ndiyo itapendeza." Hesabu yangu ilikuwa kwamba ukumbini kuna ratiba, kuna MC, atasahau.

Bibi akanitazama, akacheka. "Mtoto huyu ana akili. Wamemsomesha!"

Akatoka, akaenda kuwaambia wanawake wote wa ukoo.

Ukumbini Minza aliingia kwa vigelegele, simu zikainuliwa, na Madam Joyce kule nyuma akatikisa kichwa kidogo kwa kukubali, jambo ambalo kwake ni makofi. Nikaanza kukiona kiti changu. Basi keki inasogezwa, MC akashika kipaza sauti: "Wageni waalikwa, kuna jambo halikuwa kwenye ratiba! Mpambaji wetu, dada Kabula, ameomba bibi ambariki mjukuu wake hapa hapa mbele yetu! Makofi kwa msomi!" (Nilisimama nikapunga mkono. Ndiyo, nilipunga.)

Bibi akachovya vidole vinne. Nilidhani atagusa paji la uso tu, kumbe alisiliba, kama mtu anayesiliba ukuta wa nyumba, paji, mashavu, kidevu, na nyuma yake wakapanga foleni mashangazi saba, kila mmoja na viganja vyake. Shangazi wa tatu, fondesheni ikahama. Wa tano, wanja ukafika tayani. Kope ya kushoto ikabanduka, ikateremka polepole, ikatulia juu ya mdomo kama kisharubu. Minza kafumba macho, anatabasamu, hana habari.

Mwenye busara angebaki ameketi. Mimi nilikimbia mbele na poda, maana sayansi inasema poda hunyonya mafuta, nikaimwaga, na juu ya samli ile ukapatikana unga uliokandwa. Mtu upande wa bwana harusi akapaza sauti, "Leteni kibao tusukume chapati!" Ukumbi ukaanguka. Kwa kuchanganyikiwa nikachukua kitambaa nikafuta shavu moja lote.

Muziki ukazimwa. Bibi akanishika mkono.

"Unafuta nini?"

"Bibi, nafuta poda tu..."

"Umefuta baraka ya mjukuu wangu."

"Haondoki hivi!" akasema shangazi mkubwa. "Sherehe haiendelei."

Hapo hakuna aliyecheka. Bwana harusi alikuwa amesimama, hajui aende wapi. Minza akafumbua macho, akajiona kwenye simu ya mtu, nikajua sasa atalia kwa ajili ya uso wake. Akamgeukia bibi yake, akasema, "Bibi, nipake tena."

Hakuniangalia hata kidogo. Likaletwa beseni, kazi yangu yote ikaoshwa mbele za watu, akapakwa upya, bibi na mashangazi saba. Kisha bibi akanigeukia. "Na wewe njoo. Kitambaa chako kimechukua cha watu, huondoki hapa mkavu." Nami nilikuwa nimejipamba kamili (tangazo linalotembea!), kwa hiyo malizieni wenyewe, viganja kumi na sita, MC akitangaza, "Mpambaji naye anapambwa!"

Minza alikata keki na uso mtupu unaong'aa, akapendeza kuliko nilivyompamba, jambo lililoniuma kitaaluma.

Nje Madam Joyce alinipa kanga nijifute.

"Madam, nimefeli?"

"Umefeli."

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi hufika mapema. Nakunywa chai na bibi, anampaka mjukuu wake, nasubiri ngozi iinywe ile samli, ndipo nafungua boksi langu."

"Mbona hukuniambia?"

"Kabula, miezi sita umeniuliza mpaka habari za nyusi. Hata siku moja hukuniuliza mbona nakaa na vikongwe."

Nikaosha brashi miezi minne zaidi kabla ya kukalia kile kiti. Siku hizi sithubutu kumwambia bibi wa mtu "baadaye". Nafika alfajiri, naketi mkekani, napewa chai yenye maziwa mengi kupita kiasi na sukari isiyoelezeka, nami nanywa mpaka tone la mwisho, kimya.