Mnunuzi Aliyefungiwa Garini

Sijui nani alimshauri yule bwana kuleta gari la umeme Nchelenge, ambako umeme wenyewe huja kama mgeni. Tulikuwa nyuma yake kwenye teksi, tukiingia Kashikishi, gari lake lilipozimika ghafla katikati ya mwendo. Dereva wetu alikanyaga breki mpaka nikabusu kiti cha mbele.

Bahati mbaya gari la bwana lilisimama mbele ya akina mama wanaouza samaki kando ya lami. Pale, gari likisimama, limekuja kununua. Mama mmoja Mkongo akafika dirishani na sahani ya samaki. Lakini bila umeme kioo hakishuki, wala mlango haufunguki. Bwana akatikisa kichwa.

"Papa, uko mugumu," mama akasema, akidhani baba huyu anavutana naye bei, akaongeza samaki wawili.

Bwana akamwonyesha viganja vitupu. Mama akaongeza wengine. Bwana akapiga kioo ngumi, jasho linamtiririka.

"Bon, usikasirike, papa. Iyi ni ya bure." Akaweka juu samaki mkubwa kuliko wote.

Mwishowe bwana akapapasa akapata kishikio kilichofichwa mlangoni, akaanguka nje kwa magoti, anahema.

"Simama, papa," mama akamwambia kwa upole. "Hata ukipiga magoti, siwezi kuongeza tena."

Bwana akanunua sahani nzima. Mimi nimebembeleza pale miaka yote kwa maneno matamu, hata mkia sijaongezwa. Jumamosi nikija kununua, nitabaki ndani ya teksi, nifunge vioo, nitoke jasho.