Farasi Aliyeachwa Aliwe

Saa nne na dakika kumi na moja asubuhi, katika mashindano ya chesi kwenye ukumbi wa parokia mjini Kasulu, daktari alibonyeza saa ya mchezo nami nikasogeza askari wangu wa kwanza. Ilikuwa mwaka 2014. Sote wawili tulitoka Kibondo: yeye daktari wa hospitali, aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi, wa kwanza kwenye orodha ya wachezaji wa chesi, mimi fundi wa maji, wa mwisho.

“Mzee, ukinifunga nakurudisha kwa gari langu hadi mlangoni,” alisema. “Nikikufunga, panda basi ule vumbi.”

Chesi nilijifunza peke yangu, kwenye kitabu kisicho na jalada nilichonunua kwa mkimbizi aliyekuwa akirejea Burundi. Miaka sita, ukurasa mmoja kila jioni. Nilikwisha kuamua: nikishindwa na mara hii, nakipeleka shule ya sekondari na kuacha.

Nje ya kitabu nilijua jambo moja. Jumapili daktari hucheza drafti ya vizibo pale stendi ya Kibondo, na ni nadra kushindwa. Katika drafti kula ni lazima. Kete ikikaa vibaya unaila, huna hiari. Nilimtazama mwaka mzima. Mkono wake ulitangulia macho.

Hatua ya ishirini na mbili nilimwacha farasi mbele ya askari waliomkinga mfalme wake. Nilikuwa nimehesabu mara tatu. Alimla papo hapo, akabonyeza saa, ndipo akatazama. Askari aliyemla farasi alikuwa ameacha nafasi yake, na njia ya kumfikia mfalme ilikuwa wazi. Malkia wangu aliingia, na baada ya hatua nne mfalme hakuwa na pa kukimbilia.

Mwamuzi, mwalimu Mkongomani kutoka kambi ya Nyarugusu, alishika kiuno. “Dokta, ulikulaka mbio! Asubuhi walikunyima chai?”

Ukumbi ukacheka. Daktari alinipa mkono bila kucheka.

Ahadi aliitimiza. Tulipokuwa tunaipita Makere, aliuliza:

“Mzee, yule farasi. Ningemwacha?”

“Ungemwacha, ningeshindwa.”

“Kwa hiyo haikuwa lazima kumla.”

“Haikuwa, Dokta.”

Akabadilisha gia, tukapanda kilima.

Alinishusha mlangoni. Kitabu nilikirudisha mahali pake juu ya kabati. Nauli ya basi ilibaki mfukoni: shilingi elfu nane.