Kutu Haiendi Likizo

Uledi Sadiki hafungui mkoba wa spana kabla ya kuomba ndoo. Iwe ya lita kumi. Kama mwenye nyumba hana, anayo yake nyuma ya pikipiki, imechorwa mstari kwa msumari. Huiweka chini ya bomba, hutazama saa ya mkononi, kisha husubiri ijae. Wateja wengi wa Bukoba mjini hudhani anapoteza muda. Ana miaka hamsini na tisa, na zaidi ya nusu ya hiyo ameimalizia katika mabafu ya watu wengine. Kuambiwa kwamba maji "yanatoka kidogo" hakumsaidii. Anataka namba.

Alhamisi moja ya Agosti ndoo hiyo ilikuwa Ijuganyondo, katika bafu la Rosalina, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na sita, mjane wa mzee Kyaruzi. Nyumba ilijengwa mwaka 1981 na mabomba yake ya chuma yamefukiwa ndani ya kuta.

Rosalina alivunjika nyonga mwezi Aprili. Daktari alimruhusu kutembea na fimbo, akamkataza kuinama. Maisha yake yote alikuwa akioga kwa ndoo na kopo, na bomba la mvua lilipoanza kudondosha matone hakujali. Sasa jirani yake, Annastella, ndiye aliyemwogesha kila asubuhi, na Rosalina alilivumilia jambo hilo kwa kutazama ukutani. Mwanawe Dastan, aliyeko Mwanza, alikwisha kata shauri: kama hadi Jumamosi mama hawezi kuoga mwenyewe akiwa amesimama, angekuja na gari kumchukua, na nyumba ingefungwa. Fundi wa kwanza, Aroni, alitazama bafu kwa dakika tano akasema mabomba yote yameliwa na kutu. Ukuta ubomolewe, kazi ya wiki mbili.

"Dakika saba na nusu," alisema Uledi ndoo ilipojaa.

Rosalina alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni. "Fundi, umekuja kutengeneza maji au kuyasahihisha?"

"Nasahihisha kwanza, mama."

Alikwenda jikoni na ndoo yake. Bomba la huko, linalotoka kwenye tangi lile lile la juu ya mnara, liliijaza kwa sekunde hamsini. Tangi, basi, halikuwa na kosa. Akarudi bafuni, akafungua kichwa cha bomba la mvua, akakikung'uta kiganjani: mchanga kidogo na magamba ya kutu. Alikitumbukiza kwenye kikombe cha siki, kisha akapima maji yakitoka kwenye bomba tupu. Dakika saba kasoro. Bomba la kunawia mikono nalo lilikuwa goigoi vile vile. Tatizo lilikuwa mahali fulani baada ya njia ya jikoni kuchepuka na kabla ya bafu, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa nyuma ya marumaru alizobandika Kyaruzi kwa mikono yake.

Uledi aliwahi kukata mabomba ya aina hiyo huko Muleba akakuta tundu limebaki jembamba kama penseli. Alianza kuamini kwamba Aroni alibahatisha sawa. Akatoa chaki, akatafuta pa kuanzia kubomoa.

"Hata zamani bomba hili lilikuwa na visa," alisema Rosalina, akiitazama ile chaki. "Wajukuu wakija likizo linadondoka hivi hivi. Wakirudi Mwanza, linapona."

Uledi aliirudisha chaki mfukoni. "Rudia hapo, mama."

"Nimesema likizo."

"Kutu haiendi likizo. Mzee alikuwa anafanya nini watoto wakifika?"

"Kugomba, waitu! Walikuwa wanaoga mpaka tangi linakauka. Anagomba, anatoka nje, anazunguka huko kibanjani, kwenye migomba. Akirudi anacheka peke yake."

"Alifariki mwezi gani?"

"Juni, miaka mitatu sasa. Wajukuu wote walikuwa hapa."

Uledi alichukua kipande cha nondo, akaanzia chini ya mnara wa tangi akifuata njia ya bomba, akidunga ardhi kila hatua. Nyuma ya nyumba, mahali palipofungwa turubai siku ya msiba, ardhi ilikuwa imesawazishwa ili viti vikae, na tangu hapo kila mwaka nyasi zilitandazwa juu yake chini ya migomba. Mara ya tisa nondo iligonga saruji. Chini ya nyasi na udongo wa kiganja kimoja kulikuwa na kishimo cha matofali chenye kifuniko cha saruji, na ndani yake koki ya kufungia maji, ikiwa imeachwa wazi kidogo tu, kama mzee alivyoikaza wajukuu walipokuja mara ya mwisho.

Hakuishika kwa pupa. Koki iliyokaa miaka mitatu bila kuguswa huweza kukatika shina, na ikikatika, hata hayo matone yangekwisha kabla ya Jumamosi. Aliimwagia mafuta, akangoja.

"Inafunguka?" Rosalina aliita kutoka dirishani.

"Inaombwa."

Robo mzunguko mbele, robo nyuma, mbele tena. Ilipolegea akahesabu mizunguko kwa sauti: sita. Kule bafuni, kwenye bomba lisilo na kichwa, maji yalitoka ya kahawia kama chai, yakasafika. Ndoo ilijaa kwa dakika moja na sekunde ishirini.

"Aroni hakusema uongo," alimwambia Rosalina akirudishia kichwa cha bomba. "Kutu ipo. Miaka michache ijayo utahitaji njia mpya, nayo ipite nje ya ukuta. Lakini leo utaoga."

Rosalina aliwatoa bafuni wote wawili, Uledi na Annastella aliyekuwa amekuja kusaidia, akafunga mlango mwenyewe. Annastella alisimama mlangoni, taulo mkononi, akisikiliza. Uledi alitoka akaichomeka ile nondo kando ya koki, ionekane hata nyasi zikitandazwa tena.

Simu ya Dastan ilipoita, mama yake alikuwa ameketi barazani, nywele bado zinachuruzika.

"Jumamosi usijisumbue," alimwambia. "Njoo Desemba, na watoto."

Alikata simu, akamgeukia Uledi. "Ile koki umezungusha mara ngapi?"

"Sita, mama."

"Desemba, kabla hawajafika, uje uzirudishe zote."