Tangi letu liko kwa blogu ya mheshimiwa, nyumbani haliko

Wakuu, habari za huko mliko. Nitaandika vile mambo yalikuwa, hata mahali nilikosea mimi mwenyewe.

Niko Makueni, upande wa Kathonzweni. Wazazi walifariki wakatuacha watatu. Mimi ndiye mkubwa, niliacha shule Form Two nikashika jembe na vibarua. Nyuma yangu kuna Mwende, halafu Kyalo.

Shida yetu ni maji. Asubuhi mimi nikienda sokoni kupakua magunia, Mwende alikuwa anaenda mtoni kuchimba mchanga, anangoja maji yajikusanye, anachota kikombe kwa kikombe. Shuleni alikuwa anafika somo la pili.

Sasa MCA wetu, yaani mheshimiwa wa wadi yetu kwa bunge la kaunti, ana blogu. Huko ndiko anaongea na wapiga kura, mradi baada ya mradi, na watu wetu walio Nairobi wanasifu.

Kiangazi kilichopita, jamaa anayemwandikia hiyo blogu alinipigia simu. Akasema tuandae mahali pa tangi. Tulibeba mawe na Kyalo siku tatu, tukajenga msingi.

Tangi likaletwa na pick-up, jeusi, jipya. Mheshimiwa akasimama kando ya Mwende wapigwe picha, akamwambia:

"Cheka kidogo basi, mrembo! Maji si yamekuja?"

Mwende akacheka kweli. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo tangu tumzike mama.

Picha zilipoisha, wakalirudisha tangi kwa pick-up. Nikauliza kulikoni.

"Hii ni ya sample, bro," jamaa wa blogu akasema. "Yenu iko njiani."

Jioni nikaona post: "Mayatima wapata maji." Nikaandika comment, na jina langu kamili: "Asante mheshimiwa kwa tangi, Mungu akubariki."

Nilifikiri nikishukuru mapema hawatanisahau. Wakuu, kosa langu liko hapo.

Miezi ikapita, kimya. Kisha kanisa letu likapata matangi machache ya familia zisizo na maji. Jina letu lilikuwa juu kwa orodha, mpaka Mama Ndunge, mwenyekiti wa kamati, aliponiita na kunionyesha simu yake.

"Musyoka, hili si tangi lenu?"

"Walienda nalo, Mama."

"Na hii asante ni ya nani? Si ni wewe?"

Nikamwomba aje aone. Alikuja, akauzunguka ule msingi mtupu.

"Mimi nakuamini, mwanangu. Lakini watu watasema mliliuza."

Tangi likaenda kwa jirani.

Nilimpigia jamaa wa blogu aitoe hiyo post. Akacheka. "Nitoe? Na ndiyo ina likes mingi!" Nikaandika comment nyingine ya ukweli. Mpaka leo inangoja kukubaliwa. Ile ya asante nimeshindwa kuifuta, ni mwenye blogu tu anaweza.

Wiki hiyo Mwende akaniambia, "Kaka, wacha mimi nikae nyumbani, Kyalo asome."

Nilikataa. Niliacha kibarua cha sokoni, sasa mtoni naenda mimi. Tunakula mara moja kwa siku, lakini Mwende anafika somo la kwanza.

Nilichojifunza: usishukuru kwa maandishi kitu ambacho hujakishika. Na wakija na kamera, ngoja waondoke, kisha upige picha yako ya kile kimebaki.

Kwetu ulibaki msingi. Mwende huanika uniform hapo.

Kama kuna mtu anajua vile naweza kutoa jina langu kwa ile asante, aniambie hapa chini. Hata wa kunicheka, karibuni.